Daktari Aliniambia Niogelee

Mshipa wa mguu wangu wa kushoto ulipasuka Jumanne moja asubuhi, nikiwa ubaoni, katikati ya somo la kugawanya. Sikusikia maumivu. Nilisikia joto tu, kana kwamba mtu amenimwagia chai ndani ya soksi, nikaendelea kuandika. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu ndio walioona kwanza. Mmoja akapiga kelele, wa pili akampokea, na kabla sijageuka darasa zima lilikuwa limepanda juu ya mabenchi. Nikatazama chini. Damu ilikuwa inaruka juu kidogo ya kifundo, nyembamba lakini ya nguvu, kama maji ya bomba lililotoboka, na kiatu kilikuwa kimekwisha kujaa.

Direkteri wa shule alikuja mbio. Ni mtu mwema, lakini wema wake hutangulia akili. Aliniketisha kwenye kiti, mguu ukining'inia, akanifunga kamba juu ya goti na kuikaza kama mtu anayefunga gunia la makaa juu ya baiskeli. Halafu akafumba macho na kuanza kuomba.

"Direkteri," nikamwambia, "muombe, lakini mukamate na kidonda."

Hakunisikia. Alikuwa amefika mbali. Basi nikajilaza mwenyewe sakafuni, kwenye vumbi la chaki, nikaweka mguu juu ya kiti, nikavua kitambaa changu cha kichwa na kukikandamiza pale penye damu. Ikasimama. Direkteri alipofumbua macho na kuona damu imekatika, akamshukuru Mungu kwa sauti. Sikuwa na nguvu za kubishana naye.

Hospitalini nilipokelewa na daktari kijana aliyehamia kwetu kutoka Lubumbashi. Aliniosha kidonda, akanifunga bendeji, akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote sikuwahi kuelezwa.

"Mama, damu kushuka mu muguu iko rahisi. Kupanda njo kazi. Mu mishipa muko milango kidogo-kidogo ya kuzuia damu isirudi chini. Ya kwako imechoka, haifunge tena muzuri. Sasa damu inajaa kule chini."

"Imechoka juu ya nini?"

"Unasimama mbele ya tablo tangu miaka ngapi?"

"Makumi mawili na tisa."

"Na batoto?"

"Saba."

Akaweka kalamu chini kama mtu aliyekwisha kupata jibu la hesabu. Kisha akaiokota tena na kuandika ordonansi, karatasi ya matibabu: soksi za kubana miguu, kuinua miguu jioni, kupunguza kusimama, kutembea kila siku. Mstari wa mwisho aliupigia mstari chini yake: kuogelea, mara tatu kwa juma.

Alinieleza kwamba maji hubana mguu pande zote, tena yakikubeba unakuwa mwepesi, na kila unapopiga teke nyama ya nyuma ya mguu inasukuma damu kwenda juu, kama moyo wa pili. Maneno mazuri sana. Nikamwuliza, "Minyi naenda kuogelea wapi, Daktari?"

"Mu pisini."

"Pisini gani? Hapa Kamina?"

Akatazama dirishani, labda akidhani mtu ameijenga tangu asubuhi. "Ao mu maji ingine," akasema. "Lakini isikuwe maji ya kusimama yenye majani na konokono, juu ya bilhariziosi. Isikuwe mahali pa mamba. Isikuwe maji ya buchafu. Na kidonda kipone kwanza kabisa."

Nikatoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia. Wanafunzi wangu ni sabini na mmoja, na wakiniona nimeketi wanadhani somo limekwisha. Nipunguze kusimama namna gani? Na maji yale aliyoyataja, safi, yanayotembea, bila konokono wala mamba, hayo si maji, ni mbingu.

Tangu siku ile mguu wangu ukawa mali ya mtaa. Wifi yangu alitaka nichanjwe kwa wembe na kunyonywa damu kwa pembe. Mwalimu mwenzangu wa darasa la nne aliniambia kwa kunong'ona kwamba kuna mtu anatamani nafasi yangu, amenitegea kitu njiani nikakikanyaga. Mfanyabiashara wa vitambaa jirani yetu, mzee ambaye babu zake walitoka Maniema, aliniletea chupa ya mafuta ya habasoda. Yeye angalau alileta na kuondoka bila hotuba. Kila aliyenisalimu alitazama kwanza mguu, halafu uso.

Mume wangu alikuwa mkuu wa stesheni mpaka alipostaafu, na mpaka leo huongea nyumbani kana kwamba sisi sote tunangoja garimoshi. Alisimama katikati ya sebule, akaisoma ordonansi kwa sauti, akatoa uamuzi.

"Soksi, ndiyo. Kutembea, ndiyo. Kuogelea, hapana. Kuogelea njo muchezo ya batoto na ya bazungu. Mama ya batoto yangu hawezi kwenda kujitupa mu maji mbele ya bantu."

Soksi aliziagiza mwenyewe Lubumbashi, kwa rafiki yake wa kazi, akanikataza kumpigia mtu mwingine. Zikaja kwa garimoshi. Garimoshi likaharibika Luena, likalala huko, likaanza, likaharibika tena. Mfuko ulipofika, ndani mlikuwa na soksi za mpira wa miguu, rangi ya manjano, zenye mistari miwili myeusi. Nilimtazama mume wangu. Yeye alizitazama soksi, akazivuta kwa mikono miwili, akasema, "Hizi pia zinabana."

Nilizivaa siku mbili. Zilinikaba chini ya goti na kulegea kifundoni, yaani kinyume kabisa cha alichotaka daktari, na darasani watoto walikuwa wananipigia makofi nikiingia. Siku ya tatu nilizikata, zikawa matambara ya kufutia ubao.

Miguu ilikuwa inazidi kuvimba. Jioni nilikuwa nikibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo linabaki pale, kama kwenye bukari, ugali wetu. Kidonda kilipofunga vizuri niliamua kutafuta maji yangu mwenyewe. Nilianza na lile pisini la zamani la klabu, ambalo kila mtu Kamina amelisikia na hakuna aliyewahi kuniambia ameliingia. Mlinzi alinifungulia geti kwa fahari kubwa. Pisini lilikuwapo kweli, refu, lenye ngazi za chuma. Upande wa kina kifupi walikuwa wameanika mihogo. Upande wa kina kirefu, mahali saruji ilipopasuka, mlinzi alikuwa amepanda sombe, mihogo ya kuchuma majani, tena sombe nzuri.

"Maji itarudi," akaniambia.

"Siku gani?"

"Bakubwa banasema karibu tu."

"Banasema vile tangu lini?"

"Tangu minyi nafika hapa."

Nikamwuliza alifika lini. Akacheka, akanichumia fungu la sombe nirudi nalo nyumbani. Ndivyo nilivyotoka kwenye pisini.

Aliyenisaidia ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane anayeuza samaki wa kukausha sokoni. Samaki wake hutoka Kabondo-Dianda, yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Malemba-Nkulu, mtoto wa kando ya Lualaba, alifika Kamina miaka ile watu wa kwao walipokimbia wenye silaha. Ananizidi umri kidogo, kwa hiyo namwita yaya, yaani dada mkubwa. Hana subira hata kidogo. Siku moja nilikuwa nanung'unika uani kuhusu pisini, daktari na soksi, naye akainua kichwa juu ya ukuta.

"Mwalimu, weye unalia kila siku kama redio. Maji iko."

"Iko wapi, yaya?"

"Bwawa ya mashine. Iko pale tangu zamani, na weye mutoto wa cheminots, wa bantu ba reli, hauioni?"

Nilikuwa nalijua. Ni bwawa lililochimbwa na watu wa reli enzi za mashine za mvuke, kwa ajili ya kuzinywesha maji. Lina kuta za saruji, chemchemi inaingia upande mmoja na maji yanatokea upande mwingine, kwa hiyo hayatulii. Lakini baba yangu, aliyekuwa fundi wa mashine hizo, alitukataza hata kulikaribia. Watu walikuwa wakisema ndani yake mnakaa mwanamke mwenye mkia wa nyoka. Baba hakuamini habari za mkia. Alikuwa akiamini tu kwamba tutazama.

Nilirudi kwa daktari. Akaniuliza kama maji yanatembea, kama kuna majani kando, kama watu wanajisaidia pale. Akakitazama kidonda, akakigusa, akasema niende, lakini kila baada ya miezi mitatu nipimwe bilhariziosi. Nikamwuliza kama yeye mwenyewe anajua kuogelea. Akasema hapana.

Siku ya kwanza nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, nimevaa suruali ya kubana ya binti yangu, shati la kazi la zamani la mume wangu, na kikwembe juu yake mpaka ukingoni mwa bwawa. Yaya alijifunga kikwembe kifuani, basi. Mume wangu, aliyekuwa amekataza jambo lote, alitufuata bila kuitwa. Alikuwa amevaa kofia yake ya stesheni na filimbi shingoni. Akasimama juu ya ukuta wa bwawa.

Maji yalinifika kifuani. Baridi yake ilinikata pumzi.

"Lala juu ya maji," yaya akasema, mikono yake miwili chini ya mgongo wangu.

"Nalala namna gani?"

"Kama juu ya kitanda."

"Kitanda hakizamishe muntu!"

"Muntu hapiganage na kitanda. Legeza shingo."

Nililegeza shingo, miguu ikashuka, maji yakaingia puani. Mume wangu akapiga filimbi. Nikashtuka, nikanywa maji zaidi. Tukaanza tena. Kila kichwa changu kilipogusa maji, filimbi ikalia, kana kwamba mimi ni garimoshi la mizigo linaloingia njia isiyo yake. Mara ya nne yaya alimgeukia.

"Tata, kwa heshima yote. Ukipiga tena ile kintu, nakutupa weye pia humu."

Filimbi ikanyamaza, lakini mimi sikuweza tena. Yaya alikuwa ananiambia, "Sikiliza kwanza, halafu fanya," maneno yaleyale ninayowaambia watoto wangu kila asubuhi, na kuyasikia nikiwa na maji masikioni kulinitia hasira ya ajabu. Nilitoka, nikajifunga kikwembe, nikatembea mpaka nyumbani nikichuruzika maji barabarani, watu wakinitazama. Nikaapa sitarudi.

Niliporudi ndani na kuketi ili nivue ile suruali, niliona mfupa wa kifundo changu. Watu wenye miguu mizima hawataelewa. Nilikuwa sijauona mfupa ule kwa zaidi ya mwaka. Ulikuwa pale, mdogo, umetokeza kama zamani. Nusu saa ya kupigana na maji tu. Niliugusa kwa kidole, nikakaa kitandani nimeduwaa, halafu nikaanza kukasirika upya, kwa sababu nilijua sasa itanibidi nirudi.

Tukaenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya masomo, jua likiwa bado juu. Kwa majuma matatu sikufanya kitu kingine ila kushika ukuta na kupiga mateke. Yaya alikuwa ananizunguka ndani ya maji bila sauti, kichwa tu juu, akinitukana taratibu. "Goti isikunje. Si baiskeli." Juma la nne niliachia ukuta, nikaenda urefu wa mtu mmoja, nikashika bega lake. Hakunipongeza. Alisema tu, "Tena."

Siku hiyo, tukiwa tumeketi juu ya ukuta tukijikausha, nilimwuliza alifundishwa na nani. Niliuliza kwa kuongea tu. Mume wangu alikuwa ameacha kuja, tulikuwa wawili peke yetu.

"Kwetu hakuna kufundisha," akasema. "Mutoto anaanguka mu maji, anatoka." Akakamua ncha ya kikwembe chake. "Siku bale bantu banaingia mu mugini, pirogi zote za kuvukia muto zilikuwa zimekwisha kuenda. Minyi nabeba mutoto wa mudogo wangu ku mugongo, navuka nayo mukono wa muto. Namuambia akamate shingo, asilie. Hakulia."

"Na mudogo wako?"

"Yeye hakujua kuogelea muzuri." Alisimama, akajifunga upya. "Tangu ile siku sijaingia tena mu maji. Mpaka weye na ile muguu yako."

Nilikuwa nimemnung'unikia mwanamke huyu mwezi mzima kwa sababu ya maji ya puani. Nikamwambia, "Yaya, wafwako," asante ya Kiluba, kwa sababu kwa Kiswahili ilionekana nyepesi. Akanijibu kwamba Jumatano nisichelewe, na niache kukunja goti.

Habari zilikuwa zimekwisha kufika kanisani. Jumapili moja baada ya ibada, rais wa kamati ya akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambaye hajawahi kufanya haraka maishani mwake, aliniita katika chumba cha nyuma. Wenzake wanne walikuwa wameketi kwenye benchi, mikoba mapajani.

"Mwalimu," akaanza, "banakuona unaingia mu bwawa mara tatu kwa juma. Na unatoka unacheka. Muntu anacheka na nani mu maji?"

"Nilicheka mara moja tu, mama rais. Nilikuwa nimefika mbali kidogo."

"Kufika mbali wapi?"

"Mu maji."

Wakatazamana. Nikaona huku ndiko wanakotaka kunipeleka, kwa yule mwanamke wa mkia. Nikainua kikwembe mpaka gotini, nikaweka mguu juu ya kiti mbele yao: mishipa ile minene ya buluu iliyojikunja, ngozi iliyogeuka rangi kifundoni, kovu la pale palipopasuka.

"Iangalieni muzuri. Hii njo rafiki yangu wa mu maji."

Mmoja wao alivuta kikwembe chake kufunika miguu yake zaidi, nami nikauona mkono wake ukifanya hivyo. Lakini rais si mtu wa kushindwa kwa picha. Alivaa miwani, akautazama mguu kwa muda mrefu, akasema, "Basi utuletee barua ya munganga. Yenye kashe."

Nilitamani kulia. Nilikwenda hospitalini kuomba barua ya kuniruhusu kuingia majini. Daktari alicheka mpaka akatoa miwani, lakini aliiandika, akagonga mihuri miwili. Jumapili iliyofuata mama rais aliisoma mbele ya kanisa zima, kati ya tangazo la mazoezi ya kwaya na tangazo la mbuzi aliyepotea. Aliisoma yote, hata maneno ya daktari kuhusu mishipa na miguu ya wanawake wanaosimama sana sokoni, jikoni na shuleni. Nilitamani sakafu inimeze.

Jumatatu nilipofika bwawani, kulikuwa na wanawake kumi na mmoja juu ya ukuta. Muuza mkate, mke wa mshona viatu, mama wawili wa kwaya, na mama rais mwenyewe, amevaa fulana ya kamati. Soksi zote za kufichia miguu zilikuwa zimevuliwa. Sijawahi kuona miguu ya namna ile imepangwa mahali pamoja. Mimi nilidhani katika Kamina nzima mwenye mguu mbaya ni mimi peke yangu.

Yaya alisimama kando, mikono kiunoni. "Mwalimu, weye njo uliita bale bantu?"

"Minyi sikuita muntu."

"Sasa nani atabafundisha?"

Aliwafundisha yeye, kwa matusi yaleyale. Mama rais aliitwa gunia la chumvi mbele ya kwaya yake, akatii.

Mishipa yangu haikuondoka. Daktari aliniambia waziwazi kwamba kuogelea hakufuti mshipa uliokwisha kuharibika; kunasaidia damu kupanda na mguu kupumua, si zaidi. Sawa. Haujapasuka tena. Jioni nikibonyeza, shimo halibaki. Binti yangu wa Kolwezi alinitumia soksi za kweli, na direkteri, baada ya kuombwa mara nne, alinitafutia kiti kirefu cha kufundishia, kisha akakitangaza katika mkutano wa wazazi kama wazo lake. Kiangazi maji hupungua bwawani, tunapiga mateke tukigusa saruji kwa magoti. Hakuna kitu kinachotimia vizuri hapa. Mume wangu sasa huwaeleza wageni kwamba kuogelea kulikuwa shauri lake.

Mwezi uliopita yaya aliniambia anakwenda Malemba-Nkulu kuona kama nyumba yake bado imesimama. Anasikia watu wanarudi. Hajui atakaa siku ngapi.

"Na bale bamama?" nikamwuliza.

"Weye njo mwalimu, ao hapana?"

"Yaya, minyi mwenyewe bado nakunywa maji!"

"Basi kunywa, halafu fundisha."

Aliondoka Jumamosi juu ya lori la mihogo, ameketi juu ya magunia, hakupunga mkono. Jumatatu walikuwa wote juu ya ukuta, wananingoja. Mama rais aliniuliza kama ni lazima kutoa hereni. Muuza mkate aliniuliza kama leo tutafika upande wa pili. Nikawaambia wanyamaze wote, nikafungua kikwembe, nikaingia majini mbele yao, baridi ikanikata pumzi kama kawaida.